Kuuza kwa jina la mwenzio mtandaoni: mchuuzi wa Pwani asimame wapi?

Soko la Pwani limehamia kwenye simu. Vitu vilivyokuwa vikianikwa Kongowea, Marikiti na Biashara Street, siku hizi vinaanikwa kwenye status za WhatsApp, kurasa za Facebook na Instagram, na matangazo ya moja kwa moja ya TikTok. Mama wa Kisauni anauza mikoba akiwa sebuleni kwake, bila kulipa kodi ya duka. Kijana wa Malindi anauza simu zilizotumika. Binti wa Lamu anauza marashi na mafuta ya kunukia. Pesa zinaingia kwa M-Pesa, mzigo unatoka kwa bodaboda au kwa basi la usiku. Hii ni riziki, na katika nyumba nyingi ndiyo inayolipa karo.

Lakini ukiyapitia matangazo haya utaona jambo moja linalojirudia. Mkoba usio na jina lolote unatangazwa kwa jina la Gucci. Raba za mtumba ambazo hata nembo yake imefutika zinaitwa Nike. Mafuta yaliyochanganywa hapa hapa mjini yanaitwa Dior. Simu iliyotumika miaka mitatu inauzwa kwa picha ya simu mpya, iliyotolewa kwenye tovuti ya Samsung. Ukimuuliza muuzaji, atakwambia, "Ndivyo wateja wanavyotafuta." Na hapo hasemi uongo. Mtu akitafuta mkoba kwenye simu, huandika jina analolijua.

Je, kutaja jina la kampuni nyingine unapouza mali yako ni kosa? Jibu ni kwamba si kila kutaja ni kosa. Kuna kutaja kunakomweleza mnunuzi kitu ni nini, na kuna kutaja kunakoazima sifa ya mwenye jina bila ruhusa yake. Kwa kutaja kwa kwanza, mchuuzi ana haki yake. Kwa kutaja kwa pili, anaweza kupoteza akaunti, mzigo na hata uhuru wake. Wauzaji wetu wengi hawajapata kuonyeshwa mpaka ulio kati ya hayo mawili, na wanauvuka kila siku bila kujua.

Mtumba wa kweli una haki ya jina lake

Tuanze na lile ambalo halina shaka. Magari yaliyotumika yanashuka bandari ya Mombasa kutoka Japani kila leo, na hakuna anayeshangaa kuona tangazo la "Toyota Probox". Gari ni Toyota, limetengenezwa na Toyota, na Toyota ilishalipwa lilipouzwa mara ya kwanza. Vivyo hivyo suruali ya Levi's iliyotoka kwenye robota la mitumba. Kuisema kuwa ni Levi's ni kusema kweli.

Sheria yetu ya Alama za Biashara, Sura ya 506, imerithi mengi kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1938. Alama ya biashara, kwa mujibu wa sheria hiyo, kazi yake ni kumwambia mnunuzi kitu kimetoka kwa nani. Ikiwa alama iliyo juu ya kitu iliwekwa na mwenyewe mwenye alama, anayekiuza tena anaweza kuitaja.

Kesi za namna hii zimesikizwa sana ng'ambo, na ingawa hazizifungi mahakama za Kenya, zina mafunzo. Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1999, kampuni ya BMW ilikuwa imemshtaki mwenye gereji mmoja wa Uholanzi aliyekuwa akiuza na kutengeneza magari ya BMW yaliyotumika na kutangaza hivyo. Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema ana ruhusa ya kulitaja jina hilo, maana hawezi kuwaeleza watu kazi yake bila kulitaja. Alichokatazwa ni kuwafanya watu waamini kwamba yeye ni wakala wa BMW au ana uhusiano maalumu na kampuni hiyo.

Mwaka 2010 mahakama hiyo hiyo iliamua kesi iliyohusu mtandao. Kampuni moja ilikuwa ikiuza vibanda vya kuhamishika vilivyotumika, na ililipia jina la Portakabin kwenye Google ili mtu akilitafuta aone tangazo lake. Mahakama ikasema muuzaji wa vitu vilivyotumika anaweza kufanya hivyo ikiwa kweli anauza vitu vya mwenye jina, mradi asijifanye ana uhusiano naye, na asiiondoe alama ya mtengenezaji juu ya kitu akabandika yake.

Kwa wauzaji wa simu na kompyuta, kesi inayowafaa zaidi ni ya zamani sana. Mwaka 1947 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiza shauri la plagi za magari za Champion, zilizokuwa zikikusanywa, zikikarabatiwa na kuuzwa tena kwa jina lile lile la Champion. Mahakama iliruhusu jina libaki, kwa sharti kwamba iandikwe waziwazi kuwa plagi hizo zimetumika au zimekarabatiwa. Simu ya "ex-UK" iliyobadilishwa kioo na betri ni plagi ile ile. Iite kwa jina lake, lakini useme imetumika, na useme nini kilichobadilishwa. Ukikaa kimya, mnunuzi atadhani betri ni ya kampuni, na ikifura atailaumu kampuni ambayo haikuiweka.

Kuna jambo jingine wauzaji wa mitumba hulisahau. Walioitoa nguo ng'ambo nao huvaa feki. Robota likifunguliwa, huenda fulana tatu zenye nembo moja zikawa moja ya kweli na mbili za kughushi, na feki iliyovaliwa na Mzungu haigeuki kuwa halisi kwa kufuliwa na kusafirishwa. Ikiwa huna hakika, usiape kuwa ni "oriji".

Kitu kisicho na jina si feki, mpaka ukipe jina

Wako wanaodhani kwamba kila kisicho na chapa maarufu ni bidhaa ghushi. Hilo ni kosa, na mahakama zetu zilishaligusa. Mwaka 2012 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kesi iliyoletwa na watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi dhidi ya baadhi ya vifungu vya Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008. Hofu yao ilikuwa kwamba maelezo ya sheria hiyo yanaweza kuzichanganya dawa halali za bei nafuu, zinazotengenezwa na kampuni nyingine, na dawa za kughushi, zikazuiwa kuingia nchini. Jaji alikubaliana nao kwamba vifungu hivyo vilihatarisha haki yao ya uhai na afya. Dawa ya bei nafuu na dawa ya kughushi ni vitu viwili.

Funzo hilo linafaa hata kwenye mkoba. Mkoba mweusi kutoka China, usio na jina, ni mkoba halali. Ukiandika "mkoba mzuri wa mkono, ngozi bandia, shilingi 1,500," hakuna wa kukugusa. Mkoba ule ule ukiutangaza "Gucci, 1,500 tu," umeingia kwenye makosa. Mkoba haukubadilika hata uzi mmoja. Kilichoharibu biashara ni neno moja.

Wengine hujificha nyuma ya hashtegi. Tangazo lenyewe halisemi kitu, lakini chini yake limepangiwa majina kumi ya kampuni kubwa ili watafutaji waangukie hapo. Mwanzoni mwa 2024, baraza la mahakama huko New York liliamuru duka linalouza vitu vya anasa vilivyotumika liilipe kampuni ya Chanel dola milioni 4. Sehemu ya malalamiko ilikuwa namna duka hilo lilivyolitumia jina la Chanel kwenye matangazo yake, hashtegi ikiwemo, kana kwamba wana ushirika. Na hilo ni duka lililokuwa likiuza vitu vya Chanel. Sembuse anayeweka hashtegi ya Chanel kwenye mkoba ambao Chanel hawajauona!

Kinga nyingine ya kujidanganya ni neno "kopi". Muuzaji husema, "Mimi simdanganyi mtu, nimeandika wazi kwamba ni kopi." Kama nembo ya mwenzio imo juu ya kitu bila idhini yake, ukweli wako kwa mnunuzi hauifuti. Sheria ya 2008 inahesabu kuwa kosa kuwa na bidhaa ghushi kwa ajili ya biashara, kuiuza, kuichuuza na hata kuianika iuzwe. Adhabu kwa kosa la kwanza ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja kwa kila kitu kilichokamatwa, au vyote viwili. Piga hesabu ya jozi 20 za viatu za shilingi 3,500 kila moja. Mzigo ni wa shilingi 70,000, na faini haianzi chini ya 210,000. Ukirudia kosa, kifungo kinaweza kufika miaka 15.

Mtego wa neno "ya"

Kiswahili chetu kina mtego mdogo hapa. Tukisema "chaja ya Samsung," tunaweza kumaanisha chaja iliyotengenezwa na Samsung, au chaja ya kampuni yoyote inayoingia kwenye simu ya Samsung. Muuzaji anakusudia maana ya pili, mnunuzi anasikia ya kwanza, na ugomvi unaanzia hapo.

Sheria inamruhusu muuzaji kutaja jina la kampuni nyingine pale inapohitajika kueleza kwamba kitu chake kinaingiana na kile cha kampuni hiyo. Bila ruhusa hiyo biashara ya vipuri, kava na vioo isingewezekana. Mwaka 2005 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema hivyo katika kesi ya nyembe kutoka Finland: muuzaji wa wembe wa kampuni nyingine anaweza kuandika kwamba wembe wake unaingia kwenye mpini wa Gillette, mradi afanye hivyo kwa uaminifu. Kwa hivyo andika "chaja inayoingia Samsung, si ya kampuni," au "kava ya kutoshea iPhone 11." Ni maneno mawili matatu tu ya ziada, na yanaondoa shaka yote.

Vilevile tumezoea kuita kila sabuni ya unga Omo na kila dawa ya meno Colgate. Mazungumzo ya dukani na nyumbani hayana tatizo. Tangazo ni jambo jingine. Usimtangazie mteja "Omo ya kupima" ilhali ndani ya gunia mna sabuni isiyojulikana ilikotoka.

Marashi ndiyo mtihani mgumu

Watu wa Pwani na manukato ni pete na chanda. Siku hizi mafuta ya kunukia huuzwa kwa vichupa vidogo, na karibu kila kichupa kina jina la kampuni ya Paris. Wauzaji wengi wanaamini kwamba kuandika "inanukia kama" kunatosha.

Mahakama za dunia zimetofautiana juu ya jambo hili. Mwaka 1968, mahakama ya rufaa ya Marekani ilimruhusu mfanyabiashara kutangaza kwamba manukato yake ni sawa na Chanel No. 5, ikiwa madai hayo ni ya kweli. Ulaya ilikwenda upande mwingine. Mwaka 2009, katika kesi ya kampuni ya L'Oréal, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua juu ya wauzaji waliokuwa wakitumia orodha iliyolinganisha manukato yao ya bei rahisi na yale maarufu, jina kwa jina. Hakuna mnunuzi aliyedanganyika kwamba anapata yale ya kweli. Hata hivyo mahakama ilisema hiyo ni kujinufaisha isivyo haki kwa sifa ambayo mwenzio ameigharamia.

Sheria yetu, kwa ukoo wake wa Kiingereza, iko karibu zaidi na upande wa Ulaya. Inagusa hata tangazo linalomrejelea mwenye alama ili kuuza kitu kisicho chake. Orodha ya "namba 12 ni Sauvage, namba 15 ni Coco" inayozunguka kwenye WhatsApp si salama kama wengi wanavyodhani.

Na kwa nini tuazime? Hakuna lugha ya harufu iliyo tajiri kama hii tuliyokulia. Udi, ambari, miski, zafarani, waridi, asumini, kilua, mkadi, sandali. Mteja wa Mombasa akiambiwa "asumini na miski, nzito, hukaa mpaka asubuhi," anajua anachonunua kuliko akiambiwa jina la Kifaransa asiloweza hata kulitamka.

"Kampuni hizo tajiri nitazipunguzia nini?"

Hoja hii husikika sana, na ina uzito wake. Anayenunua mkoba wa shilingi 1,500 hakuwa na nia wala uwezo wa kununua ule wa laki mbili. Kampuni ya Italia haikupoteza mteja.

Waliopoteza wako karibu zaidi. Wa kwanza ni mnunuzi aliyetoa shilingi 6,000 kwa kitu cha 1,500 kwa sababu ya jina. Sheria ya Kuwalinda Wateja ya 2012 inahesabu kuwa ni hila kumwambia mteja kwamba kitu ni kipya kumbe kimetumika, au ni cha kiwango au aina ambayo sicho. Mteja aliyedanganywa hivyo anaweza kuvunja mapatano na kudai fedha zake ndani ya mwaka mmoja. Yale maandishi ya "mali ikiuzwa hairudishwi" hayamkingi muuzaji aliyedanganya.

Wa pili ni muuzaji jirani aliyesema kweli. Yeye ameandika "mkoba wa kawaida," mwenzake ameandika "Gucci," na wateja wamekwenda kwa mwenzake. Akiona hivyo mwezi wa kwanza na wa pili, wa tatu naye ataanza kuandika Gucci.

Wa tatu ni muuzaji mwenyewe. Facebook, Instagram na TikTok zina njia ya mwenye alama kulalamika, na malalamiko yakikubaliwa tangazo huondolewa. Yakirudiwa, akaunti hufungwa. Mtu aliyejenga wateja 8,000 kwa miaka minne anaweza kuamka asubuhi akute ukurasa haupo, na pamoja nao namba za wateja, oda na picha zote. Hakuna afisa wa kumwendea wala kaunta ya kusimama. Kwa mchuuzi wa nyumbani, hatari hii iko karibu kuliko jela.

Hata hivyo, haki itazamwe pande zote. Muuzaji mwenye jozi 20 hakuzitengeneza wala hakuleta kontena. Mageuzi ya sheria ya 2018 yalileta utaratibu wa kusajili haki za alama kwa bidhaa zinazoingizwa nchini, chini ya Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Nguvu hiyo ifanye kazi bandarini, kwa mwenye kontena, kabla ya kumkimbiza mama wa Kisauni. Kumkamata mchuuzi na kumwacha mwenye ghala ni kukata majani na kuuacha mzizi.

Nasi tuna majina ya kulinda

Tusidhani kwamba sheria za alama ni za Wazungu pekee. Bibi zetu walipokwenda kununua leso Biashara Street, waliupindua upindo wakatafuta maneno "Mali ya Abdulla." Wasipoyaona, waliiweka leso chini. Alama hiyo iliwapa hakika ya rangi na kitambaa, na ndiyo kazi ya alama ya biashara.

Na ya kikoi pia tunayakumbuka. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno "Kikoy" liwe alama yake. Wasukaji na wauzaji wa Kenya, wakisaidiwa na marafiki huko huko Uingereza, walipinga, na kufikia 2008 ombi hilo lilikuwa limeachwa. Tulisema jina hilo si la mtu mmoja wa ng'ambo kulichukua. Hatuwezi kusema hivyo juu ya kikoi chetu, kisha tukachukua jina la mwingine kwa sababu tu mwenyewe yuko mbali.

Muuzaji wa mtandaoni wa leo afuate desturi ile ya leso. Apige picha ya kitu chenyewe alicho nacho, pamoja na doa na mkwaruzo wake. Ataje jina la mtengenezaji pale tu kitu kilipotengenezwa naye, na aseme kama kimetumika. Kisicho na jina akieleze kwa rangi, kipimo na kitambaa. Kisha ajipe jina lake mwenyewe, na likianza kujulikana alisajili KIPI, ambako alama hulindwa kwa miaka 10 na kuweza kuhuishwa tena na tena.

Serikali nayo ina deni. Sheria zote nilizozitaja zimeandikwa kwa Kiingereza, na wanaotakiwa kuzifuata wanafanya biashara kwa Kiswahili. Kaunti za Pwani, pamoja na KIPI na mamlaka husika, zingeweza kutoa maelezo ya kurasa mbili kwa lugha ya soko na kuyapeleka Kongowea, Malindi, Ukunda na Lamu kabla ya kupeleka askari. Mchuuzi akiambiwa mapema, wengi watasikia.

Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mkoba mzuri wa shilingi 1,500 utauzika bila jina la Gucci, na mteja akirudi mara ya pili atakuwa anamtafuta aliyemuuzia.